Nembo Ile Ile Kila Ukurasa



Juma lililopita nilitaka kujaza fomu katika tovuti ya ofisi moja, ambayo leo sitaitaja. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikasubiri. Wa pili, nikasubiri tena. Kabla sijaufikia wa nne bando likaisha, na fomu bado tupu.

Nikamwita mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kutengeneza tovuti. Akaikagua, akacheka. "Mjomba, umeletewa nembo ile ile mara tatu." Wala si nembo peke yake. Picha ya jengo lao, iliyopigwa kwa kamera kubwa, ina megabaiti nne, nayo kwenye simu yangu inaonekana kwa ukubwa wa kiberiti!

Kumbe kivinjari cha simu kina ghala lake. Vitu visivyobadilika, kama nembo, picha na aina za herufi, huweza kuletwa mara moja tu vikawekwa humo, na kila ukurasa unaofuata ukavichukua hapo hapo bila kugusa bando. Lakini kivinjari hufuata amri ya seva. Seva ikisema tunza mwaka mzima, yaani sekunde 31,536,000, kinaruhusiwa kutunza. Ile ya ofisi yetu ilikuwa inasema: usitunze chochote. Na utaratibu wa amri hizo ulitangazwa mwaka 1997, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ni jambo geni.

Nikamwuliza, je, wakibadili nembo, si watu wataendelea kuona ya zamani mwaka mzima? Akasema dawa ni kuipa faili mpya jina jipya. Ukurasa ukitaja jina ambalo halimo ghalani, simu italiagiza. Basi. Maandishi nayo seva inaweza kuyabana kabla ya kuyatuma, simu ikayafungua yenyewe.

Mwezi Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti yetu ilisuasua, nami nikavumilia. Nani atailaumu bahari? Lakini juma lililopita hakuna waya uliokatika. Kilichokuwa kinanimalizia fedha ni amri ya mstari mmoja, na ofisi ile ina fundi wake anayelipwa mshahara.

Jumatatu nimewapelekea barua, ya karatasi, kwa mkono. Mapokezi wameigonga mhuri, wakaniambia majibu nitayaona kwenye tovuti.