Ukumbi wa Watu Wote na Kiwanja Chake

Hotuba iliyosomwa na Karani kwa niaba ya Halmashauri, katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mtopanga



Tumepewa kazi ya kueleza habari za ukumbi wetu, ambao ungali katika hatari ya kufungwa. Twaomba mtusikilize kwa subira, kwa maana jambo hili halitamalizwa na Halmashauri peke yake. Litamalizwa na ninyi.

Kwanza twataka kuwasomea daftari. Katika juma moja la mwaka huu ukumbi ulitumiwa hivi: Jumatatu, akina mama wa mchezo wa kupeana fedha, Jumanne, darasa la watu wazima, Jumatano, mazoezi ya kwaya, Alhamisi, maulidi ya arusi, Ijumaa jioni, wazee wa bao, Jumamosi, mkutano wa watu wenye ulemavu, Jumapili, matanga ya mzee mmoja aliyekuwa mwenyeji wa Ukambani. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa mlangoni kabila lake wala dini yake. Aliulizwa tu kama atafagia akimaliza.

Sasa twaja kwenye hatari yenyewe. Kuta na bati ni zetu. Kiwanja si chetu. Twalipa kodi ya kiwanja kila mwezi, kama walipavyo watu wengi wa Mombasa wenye nyumba bila ardhi. Desturi hii ina asili yake. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai ardhi ya pwani walete madai yao yaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Wenyeji wengi, hasa Wamijikenda, hawakupata hati. Ndivyo ilivyowezekana mtu kujenga mahali, akazaa na kuzikwa papo hapo, na ardhi ikawa ya mwingine.

Mwaka uliopita mwenye kiwanja alituandikia kwamba anakusudia kukiuza, akatupa nafasi ya kwanza ya kununua hadi mwisho wa mwaka huu. Hatumlaumu, mali ni yake, na barua yake ilikuwa ya adabu.

Katika kikao cha Halmashauri yalitolewa mashauri mawili. La kwanza, tumkubali tajiri mmoja aliyejitolea kununua kiwanja chote, kwa sharti kwamba ukumbi uwe wa watu wa upande wake, na wengine waingie kwa idhini yake. La pili, wanachama na majirani wanunue wenyewe kwa michango. Twakiri kwamba shauri la kwanza lilitutamanisha. Fedha zilikuwa tayari, nasi tulikuwa tumechoka. Hata hivyo tulilikataa, na ni haki yenu kujua sababu.

Ukumbi ukiokolewa kwa ajili ya watu wa namna moja, umekwisha kufungwa kwa wengine. Tutakuwa tumeponya paa na kupoteza mlango. Si mbali na hapa, mwaka 1875, wamisionari wa C.M.S. walianzisha Freretown ili kuwapokea watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Walikuwa Wayao, Wamakua na wengineo, wakawa mji mmoja, na kengele yao ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Lakini twakumbuka pia Agosti 1997 kule Likoni, watu waliposhambuliwa kwa sababu ya asili yao ya bara. Wengi waliuawa, na maelfu wakayahama makazi yao. Benchi la ukumbi haliwezi kuzuia kila fitina. Ila jirani mliyepika naye matangani si rahisi kumwita mgeni.

Je, michango ya watu wadogo yaweza kufaa? Mwaka 2013, wakazi wa Nunhead, London, waliinunua Ivy House, nyumba ya vinywaji waliyozoea kukutania, ili isipotee. Sheria ya mwaka 2011 ya nchi yao iliwapa miezi 6 ya kutafuta fedha, na mamia ya watu wakanunua hisa. Hatusifu kileo, twasifu utaratibu. Sisi muda wetu tumepewa na barua, si na sheria, kwa hiyo hatuna budi kufanya haraka.

Twawaombeni basi myakubali mambo manne. Kwanza, chama kiandikishwe chini ya Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Pili, kabla ya kulipa hata senti moja, hati ichunguzwe katika ofisi ya ardhi, na wakili atushauri jinsi ya kuishika ili mtu mmoja asiweze kuiuza. Tatu, kila mchango uwe na stakabadhi, na hesabu isomwe hadharani kila mwezi. Nne, iandikwe katika katiba yetu kwamba hakuna atakayezuiwa mlangoni kwa sababu ya kabila, dini, jinsia au ulemavu, na kwamba mwenye kutoa nyingi na mwenye kutoa kidogo watakuwa na kura moja moja.

Waliotutangulia walijenga kuta hizi juu ya ardhi ya mwingine, wakituachia deni la kuikamilisha kazi yao. Daftari la michango liko mezani, kurasa zake bado nyeupe. Karani atakaa hapa hadi mtu wa mwisho aandike jina lake.