Degedege Usiku: Nani Anafika Kwanza?

Leo tuongee juu ya degedege, na yule jirani anayefika kabla ya daktari.

Hebu fikiria. Ni masika, wazazi wamelala shambani bondeni, wewe umebaki nyumbani na bibi na mdogo wako wa miaka miwili. Saa saba usiku anawaka homa, macho yanageuka, mwili unakakamaa. Utafanyaje? Wengi wetu tungekimbilia kijiko tumtie mdomoni. Acha kabisa! Kijiko huvunja meno na huweza kumziba pumzi. Piga kelele jirani asikie.

Mhudumu wa kujitolea, pengine kijana aliyefunzwa na Msalaba Mwekundu, haji na gari wala sindano. Anamlaza mtoto ubavu, anaondoa vitu vya kumuumiza, analegeza nguo, anaangalia saa. Hampi kitu mdomoni mpaka azinduke kabisa. Akiweza kunyonya au kunywa, hapo apewe, maana malaria kali hushusha sukari mwilini.

Halafu inakuja kazi ngumu kuliko zote. Bibi atasema, "Mwenye degedege hachomwi sindano, atakufa!" Usimcheke. Huenda aliona kwa macho yake: mtoto alifukizwa dawa siku mbili, akafikishwa hospitali hoi, akachomwa sindano, akafa. Lawama ya kuchelewa ikabebwa na sindano. Kumbe degedege huweza kuwa malaria iliyopanda kichwani. Homa ya uti wa mgongo nayo huweza kulileta, ndiyo maana lazima apimwe. Mhudumu mwerevu habishani na bibi. Anamwambia, "Twende wote."

Kwa usafiri gani? Bodaboda, si ndiyo tuliyo nayo! Dereva aendeshe, mtu mzima ampakate mtoto nyuma. Angekuwa mama mjamzito au mtoto mchanga, mngepiga 115 bure. Huo ni mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, na unatumia hata madereva wa vijijini. Mdogo wako wa miaka miwili hayumo, kwa hiyo namba ya bodaboda wa jirani uwe nayo mapema. Mimi yangu nimeiandika ukutani kwa mkaa, mama alinikaripia kweli.

Na degedege likikoma njiani, msigeuze. Fikeni zahanati, mseme lilianza saa ngapi, lilichukua dakika ngapi, na mtoto alikuwa amekunywa dawa gani nyumbani, hata kama ni ya kienyeji.