Mpangaji Anapogeuka Mwenye Mali: Bustani za Umma na Klabu za Michezo



Kila mwaka, mashindano ya tenisi ya Wimbledon yanapofika, macho ya dunia huwa ndani ya malango ya All England Club, London. Ni wachache wanaotazama ng'ambo ya barabara. Huko, upande wa pili wa Church Road, kuna ekari 73 hivi za majani na miti mikongwe kando ya ziwa. Historia ya ardhi hiyo ndiyo kiini cha mhadhara huu, kwani inaonyesha jinsi bustani inavyotoka mikononi mwa umma bila mtu yeyote kuvunja kufuli.

Wimbledon Park ilikuwa milki ya ukoo wa Spencer. Katika karne ya 18 mbunifu mashuhuri wa mandhari, Capability Brown, aliipanga upya na kutengeneza ziwa ambalo lipo hadi leo. Enzi za Vita Kuu ya Kwanza manispaa ya Wimbledon iliinunua. Sehemu ikawa bustani ya watu wote. Sehemu nyingine ilibaki kwa klabu ya gofu, mpangaji aliyekuwapo tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Miaka ikapita, uzio ukazoeleka. Mwaka 1993 Halmashauri ya Merton, mrithi wa manispaa ile, iliuza umiliki wa uwanja wa gofu kwa All England Club kwa pauni milioni 5.2. Mnunuzi alifungwa na sharti la kutojenga majengo yatakayoharibu uwazi wa eneo. Wenye gofu waliendelea kucheza, kwa kuwa mkataba wao wa upangaji ulikuwa haujaisha. Ulikuwa ufike hadi mwaka 2041. Mwishoni mwa 2018 All England iliwalipa pauni milioni 65 ili waondoke mapema, na wanachama waligawana fedha hizo.

Takwimu hizo mbili hazina budi kuwekwa bega kwa bega. Umma ulipata milioni 5.2 kwa ardhi yenyewe. Wapangaji binafsi walipata mara 12 na nusu ya kiasi hicho kwa miaka iliyobaki katika mkataba wao. Hata thamani ya fedha ikirekebishwa kwa mfumuko wa bei wa robo karne, pengo halizibiki. Faida ya ardhi ya umma iliwaendea walioikodi, na waliowakodisha wakabaki watazamaji.

Kilichofuata kinajulikana zaidi. Mwaka 2021 klabu iliomba kibali cha kujenga viwanja 38 vya nyasi na uwanja mkubwa wa watazamaji 8,000. Merton iliridhia Oktoba 2023. Wandsworth, halmashauri jirani inayosimamia sehemu ya ardhi hiyo, ikakataa mwezi uliofuata. Septemba 2024 ofisi ya Meya wa London ikatoa kibali, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikatupilia mbali pingamizi la wakazi dhidi ya kibali hicho. Suala la kama ardhi ile bado ni amana ya umma likafunguliwa shauri lake peke yake.

Klabu ina hoja, na haki inataka isikilizwe. Mechi za mchujo huchezwa Roehampton, mbali na uwanja mkuu, na klabu inataka ziwe pamoja na mashindano yenyewe. Aidha, inaahidi kuwafungulia wananchi bustani mpya mahali ambapo kwa zaidi ya karne moja hawakuruhusiwa kutembea ila wenye gofu. Hoja hiyo ya pili ndiyo inayowashawishi wengi. Lakini ni lazima iulizwe: nani aliwafungia wananchi hapo awali? Ni mkataba wa upangaji.

Kupangisha huonekana jambo jepesi kuliko kuuza. Hati hubaki kwa halmashauri, kodi ya pango huingia, na diwani huweza kuwaambia wapiga kura wake kwamba hakuna kilichouzwa. Ila uzio ukikaa miaka 30, anakua mtu mzima ambaye hajui kwamba upande wa ndani nao ni wake. Siku ya kuuza ikifika, hakuna wa kupinga, kwa sababu hakuna anayehisi amenyang'anywa.

Si kila mpangaji ni mlafi. Kaskazini mwa London, Halmashauri ya Enfield imeamua kuipa klabu ya Tottenham Hotspur sehemu ya Whitewebbs Park kwa mkataba wa miaka 25, kwa ajili ya kituo cha soka la wanawake na wasichana. Wakazi walikwenda mahakamani wakashindwa. Soka la wasichana linastahili kila msaada. Hata hivyo, wema wa mpangaji haufupishi mkataba: mtoto wa miaka mitano leo atakuwa na miaka 30 utakapokwisha.

Je, sheria inaweza kuilinda amana baada ya uzembe wa ofisi? Mwaka 2023 mahakama za juu za nchi mbili zilijibu kwamba inaweza, kwa tofauti ya wiki saba tu.

Shauri la kwanza lilitoka Shrewsbury, mji wa Uingereza ulio karibu na mpaka wa Wales. Manispaa yake ilinunua ardhi ya Greenfields mwaka 1926 ikaifanya kiwanja cha burudani. Mwaka 2017 baraza la mji liliuza kipande chake kwa mjenzi wa nyumba kwa pauni 550,000. Sheria inataka tangazo lichapishwe katika gazeti la eneo hilo kwa wiki mbili mfululizo na pingamizi zizingatiwe. Tangazo halikutolewa. Tarehe 1 Machi 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki za umma hazikufa kwa mauzo yale, na kibali cha ujenzi kikafutwa.

La pili ni la Mombasa. Mwaka 1989 kiwanja cha Nyali kilichopakana na ufuo kiligawiwa Rais Daniel arap Moi, kikauzwa kwa kampuni moja, kisha kwa Dina Management. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda baharini. Dina Management ikashtaki. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba eneo lile lilikuwa la wazi, la umma, na halikugawiwa kwa kufuata utaratibu. Kwa hiyo hata mnunuzi wa mwisho hakuwa na hati ya kulindwa. Uamuzi huu una makali zaidi kuliko ule wa Uingereza, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Tanzania imekwenda mbali zaidi katika maandishi: Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia. Udhamini huo unapaswa kuonekana katika mikataba ya maeneo ya wazi mitaani, kwa muda mfupi wa upangaji, saa za wananchi kuingia bure, na kipengele kwamba mpangaji akilipwa aondoke, fungu kubwa lirudi halmashauri.

Madiwani waliomo ukumbini wanaombwa jambo moja. Kabla ya kutia saini, ubandikeni mkataba mzima pamoja na ramani katika ofisi ya kata, kwa Kiswahili, na muwape wananchi muda wa kutosha kuusoma na kuupinga.