Kabla Hujasema "Ni Kelele Tu"

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Geita)

 

Leo tuzungumze kuhusu masikio. Wengi wenu mmepita karibu na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, na wengine mna baba au kaka anayefanya kazi pale. Mjomba wangu alisaga mawe miaka mingi. Siku hizi ukimsalimia, anakutazama mdomo tu. Watu wakasema ana dharau. Hata mimi nilisema hivyo, kumbe mzee wa watu hasikii!

Siku moja nilisimulia habari hizi darasani, kijana mmoja akanyoosha mkono: "Dada, una uhakika gani ni karasha? Labda ni uzee." Nilikwama. Jamani, kujibu swali kama hilo ndiyo kazi ya mtu anayesomea PhD, yaani shahada ya uzamivu, katika sayansi ya usikivu na usemi.

Wengi tunadhani PhD ni kusoma vitabu vingi kuliko wenzako. Sivyo. Ni kufundishwa kuuliza swali moja na kulijibu mpaka hata anayekubishia aridhike.

Chukueni mfano wa Mtanzania Israel Nyarubeli. Utafiti wake wa uzamivu, katika Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, ulihusu wafanyakazi wa viwanda vya chuma hapa Tanzania. Yeye na wenzake walipima kelele, wakapata wastani wa desibeli 92. Kiwango kinachoshauriwa kisizidi 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda wa usalama unapungua kwa nusu. Piga hesabu: kwa desibeli 92, hata saa 2 hazifiki!

Kisha wakapima masikio ya wafanyakazi 221. Majibu yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa 48 kati ya kila 100 wamepungukiwa usikivu.

Mimi na wewe tungeishia hapo: "Ni kelele tu!" Wao walipima pia walimu 107 wa shule za msingi, watu wasioshinda kwenye mitambo. Na walimu nao, 31 kati ya 100 walikuwa na tatizo! Kwa hiyo si kila sikio bovu limeharibiwa na kiwanda. Kuna umri, kuna maradhi. Lakini lile pengo kati ya 31 na 48 ndilo linalotuonyesha madhara ya kelele.

Je, mwanafunzi wa uzamivu anatakiwa kujifunza nini?

Kwanza, kupima. Chumba kiwe kimya, kifaa kiwe kimekaguliwa, na anayepimwa awe amepumzika na kelele.

Pili, takwimu, ili asidanganywe na namba.

Tatu, maadili. Lazima apate kibali cha kamati ya maadili. Mfanyakazi aelezwe, akubali mwenyewe, na akikataa asisumbuliwe. Majibu yake ni siri. Bosi hapelekewi jina.

Nne, lugha. Ukitaka kujua kama bibi wa Kisukuma anasikia maneno vizuri, huwezi kumpima kwa maneno ya Kiingereza. Lazima mtu aandae maneno anayoyajua bibi, ayajaribu, ndipo ayatumie.

Mwisho anaandika tasnifu na kuitetea mbele ya watahini. Na maswali yao ni kama la yule kijana: una uhakika gani?

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta karibu nusu ya wachimba madini wa Tanzania waliopimwa wameathirika na kelele. Sasa nani atakuja kupima masikio ya makarasha, akae na wachimbaji wadogo na kuwasikiliza kwa Kisukuma? Anaweza kuwa amekaa hapa, dawati la nyuma. Usiikimbie fizikia, somo la mawimbi ndilo somo la sauti. Usiikimbie biolojia, wala hesabu.

Na jioni ukifika nyumbani, mwambie kaka avae vizibo vya masikio. Sikio lililoharibiwa na kelele za miaka haliponi. Halafu mwulize mjomba habari zake taratibu, ukimtazama usoni.

Haya, nani ana swali? Lile gumu ndilo nalitaka.