"Swali Zuri": Maswali Magumu na Adabu ya Kutokujua katika Kiswahili cha Mikutano, Mbulu na Hanang

1.0 Utangulizi



Katika mikutano ya hadhara, semina na vipindi vya redio nchini Tanzania husikika kauli fupi ambayo mara hutangulia jibu na mara huchukua nafasi ya jibu: "Swali zuri." Kwa umbo lake kauli hii ni tafsiri mkopo, yaani usemi uliohamishwa neno kwa neno kutoka lugha nyingine, na chimbuko lake ni usemi wa Kiingereza "good question". Katika lugha hiyo usemi huo una sura mbili. Sura ya kwanza ni sifa ya kweli kwa aliyeuliza jambo la maana. Sura ya pili ni kukiri, kwa njia ya kuzunguka, kwamba swali ni gumu na kwamba aliyeulizwa hana jibu.

Mhadhara huu unahusu sura hiyo ya pili ilivyoingia katika Kiswahili. Hoja yake ni kwamba "swali zuri" huficha aina ya ugumu wa swali, na muulizaji asiyeijua aina hiyo hawezi kujua aende wapi kutafuta jibu. Hoja hiyo itapimwa kwa mazingira ya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

2.0 Mazingira ya Lugha

Wilaya hizi mbili zimo katika eneo lenye historia ndefu ya mgusano wa lugha. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatooga, ambacho Wabarbaig ni sehemu ya wasemaji wake, ni lugha ya Kiniloti. Kihadza, kinachosemwa katika Bonde la Yaeda, hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Na jirani zao upande wa Singida husema lugha za Kibantu. Watu wa asili hizi wanapokutana katika mkutano wa kijiji, lugha inayowaunganisha ni Kiswahili.

Jambo hili lina uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji, unaojumuisha wakazi watu wazima wote, ndicho chombo chenye mamlaka ya juu kuhusu sera za jumla za kijiji. Uongozi wa kijiji huulizwa na kujibu hapo. Kwa hiyo ufasaha wa kuuliza na kujibu kwa Kiswahili unagusa ardhi, malisho, maji na michango ya watu.

Kwa wazee wengi wa maeneo hayo, Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu. Msemaji wa namna hiyo hana budi kuanza na maana ya msingi ya neno. Katika Kiswahili, kivumishi "-zuri" hubeba maana ya kupendeza na ya kufaa. Mzee anayeambiwa swali lake ni zuri ana haki ya kuelewa kwamba amesifiwa, na kwamba kinachofuata ni jibu.

3.0 Maneno Yamevuka, Ada Haikuvuka

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kusema ni kutenda: msemaji huahidi, huonya, hukiri au hukataa kwa kutamka tu. H. P. Grice, katika makala yake ya mwaka 1975, akaongeza kwamba msikilizaji hupata mengi kuliko yaliyotamkwa, kwa kuwa anaamini msemaji anashirikiana naye. Msemaji anapokiuka matarajio hayo waziwazi, msikilizaji hutafuta maana iliyositirika.

Kwa mtazamo huo, "good question" inayofuatwa na kimya ni tendo la kukiri. Wanaoishi katika lugha hiyo huijua ada yake: kiimbo, mkunjo wa uso na kimya hutosha kuwaambia kwamba mjibuji amekwama. Tafsiri mkopo hubeba maneno bila kubeba ada. Katika Kiswahili cha mikutano, usemi huu umepata angalau kazi nne: kusifu, kununua muda wa kufikiri, kukiri kutokujua, na kufunga mjadala. Kazi mbili za kwanza hazina madhara. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi "swali zuri", kisha akajibu, humtia moyo. Tatizo limo katika kazi ya tatu na ya nne, ambazo kwa umbo hazitofautiani hata kidogo.

Chukulia mfano wa kubuni. Katika mkutano wa kijiji, mzee anasimama na kuuliza: "Mwenyekiti, mpaka huu wa malisho uliwekwa na nani, na kwa idhini ya mkutano upi?" Ofisa mgeni anajibu: "Shikamoo mzee wangu. Swali zuri sana. Tumelipokea." Watu wanapiga makofi, mzee anaketi. Je, ofisa hajui jibu? Analijua lakini anaogopa kulisema? Au si yeye mwenye mamlaka ya kulitoa? Maneno yaliyotamkwa hayasaidii kuchagua baina ya hayo matatu. Heshima imetimizwa, tena kwa maamkizi yanayostahili umri. Swali limebaki pale pale.

4.0 Adabu ya Kutokujua katika Kiswahili

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Kiswahili kiliazima usemi huu kwa sababu hakikuwa na njia yake ya kukiri ugumu. Njia zipo nyingi. Wanazuoni wa dini hufunga majibu yao kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Watu wa kawaida husema "hapo pagumu", "huo ni mtihani", au "hilo kwangu ni kitendawili".

Neno hili la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini. Katika mchezo wa vitendawili, mtegaji hutamka "Kitendawili!" na wenzake huitikia "Tega!" Wakishindwa kutegua, hawaruhusiwi kupita kimya. Mtegaji hudai mji, nao humpa mji. Baada ya kupewa mji huo, mtegaji hutoa jibu. Kuna mambo matatu hapa. Kwanza, kutokujua hutangazwa mbele ya wote. Pili, kutokujua kuna gharama, ingawa ni ya mchezo. Tatu, gharama ikishalipwa, jibu lazima litolewe.

Mkutano wa hadhara hutofautiana na mchezo huo kwa jambo moja kubwa: mtegaji analijua jibu, mwanakijiji anayeuliza halijui. Hata hivyo kanuni ya adabu inaweza kulinganishwa. Mtegaji hupewa mji kisha jibu likasikika; muulizaji wa mkutanoni hupewa sifa, na mara nyingi sifa hiyo ndiyo mwisho wa safari.

Wala kuwajibishana hadharani si jambo geni kwa watu wa Hanang. Mwanaanthropolojia George Klima, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu Wabarbaig, alieleza mabaraza yao, likiwamo baraza la wanawake lenye uwezo wa kumtoza faini mwanamume aliyewakosea. Watu wenye mila hiyo hawana haja ya kufundishwa kuuliza. Wanachodai ni kujua aliyeulizwa amesimama wapi.

5.0 Aina Tatu za Ugumu

Matukio matatu ya wilaya hizi yanaonyesha kwamba maswali magumu si ya aina moja.

5.1 Jibu halijajulikana. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliporomokea mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 walifariki. Kwa kuwa mlima huo uliumbwa na volkano, swali lilikuwa dhahiri: je, volkano imelipuka? Siku ya tukio, kauli ya kweli kwa asiye mtaalamu ilikuwa "hatujui bado". Baada ya uchunguzi wa wataalamu wa miamba, Serikali ilieleza kwamba hapakuwa na mlipuko. Sehemu ya mlima iliyolainika kwa kunyonya maji ya mvua ilimeguka na kuzalisha tope. Ugumu wa aina hii una mwisho, mradi anayeulizwa aseme nani anachunguza.

5.2 Jibu linajulikana, lakini halikubaliki mahali linapodaiwa. Kuanzia mwaka 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianzisha mashamba ya ngano Hanang kwa msaada wa Kanada. Mashamba hayo yalifikia takriban ekari 100,000, nayo yalichukua malisho ya Wabarbaig. Mwaka 1981 Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake walifungua kesi. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya mwaka 1985, iliitengua hukumu hiyo. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Swali "wewe ni mwenyeji?" halikuwa gumu kwa Wabarbaig: makaburi ya wazee wao, yaliyojengwa kwa vilima vya udongo, yalikuwa katika ardhi hiyo. Ugumu ulikuwa katika kuligeuza jibu hilo kuwa ushahidi mahakamani.

5.3 Jibu liko kwa mwingine. Maswali ya mipaka na hati hupita uwezo wa mwenyekiti wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 iliweka njia ya hati za haki miliki ya kimila, na mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya namna hiyo kwa pamoja. Swali lililoonekana halina jibu lilijibiwa lilipofikishwa panapohusika.

Ofisa anayesema "swali zuri" kwa yote matatu huwanyima wasikilizaji jambo wanalolihitaji kuliko yote: kujua kama wasubiri uchunguzi, watafute ushahidi, au wabishe hodi katika ofisi nyingine.

6.0 Swali na Suala

Kuna badiliko jingine la kileksika linaloandamana na kauli hii. Maneno "swali" na "suala" yana asili moja ya Kiarabu, lakini Kiswahili kimeyagawia kazi tofauti. Swali hudai jibu. Suala hudai kushughulikiwa. Mjibuji anayesema "Swali zuri, suala hilo tunalifanyia kazi" amebadili neno moja, na kwa badiliko hilo amejiondolea deni la jibu.

Dawa haipo mbali. Mihtasari ya vikao nchini ina kipengele kinachoitwa "Yatokanayo", ambamo mambo ya kikao kilichopita hurejewa. Badala ya kuandika "swali lilipokelewa", mwandishi wa muhtasari aandike swali lenyewe kwa maneno ya muulizaji, aina ya ugumu wake, jina la mwenye wajibu wa kulijibu, na kikao ambacho jibu litatolewa. Hapo "swali zuri" itaweza kubaki sifa, kwa kuwa haitabeba tena mzigo usio wake.

7.0 Hitimisho

Mhadhara haukukusudia kuipiga marufuku tafsiri mkopo. Kiswahili kimekua kwa kuazima na kitaendelea kukua hivyo. Kinachotakiwa kwa wanaisimu ni kufuatilia, pamoja na neno lililoazimwa, tendo linalofanywa nalo na watu wanaoathirika nalo. Utafiti wa Kiswahili cha mikutano ya vijiji, hasa pale kinaposemwa na watu wa lugha za Kikushi, Kiniloti na Kihadza, ni uwanja unaowangoja wanafunzi waliomo ukumbini humu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kusema "sijui, ila nitamuuliza fulani" nako si ujinga.

Maswali yanakaribishwa.