Safari ya Kuelekea Saikolojia Imalizikie Nyumbani

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Mkoa wa Songwe)



Wako wanaodhani kwamba mtaalamu wa nafsi za watu huzaliwa maktabani. Historia ya Afrika inaonyesha vingine. Wengi walioshika kazi hiyo walifikishwa huko na taabu waliyoiona kwa macho yao, wakatambua kwamba zana walizokuwa nazo hazikutosha.

Dk. Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique, aliajiriwa mwaka 1953 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida nchini Algeria. Huko alitambua kwamba maradhi aliyoyatibu hayakutengana na dhuluma ya ukoloni. Mwaka 1956 aliacha kazi hiyo, akaungana na wapigania uhuru.

Dk. Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alikwenda Uingereza kusomea udaktari, kisha akarejea kwao Abeokuta. Mwaka 1954, katika hospitali ya Aro, alianzisha utaratibu wa kuwaweka wagonjwa katika nyumba za wanavijiji wa jirani, kila mgonjwa akiwa na ndugu yake, wakihudhuria matibabu mchana. Hakuona haya kushirikiana na waganga wa jadi. Baadaye alikuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Elimu aliifuata mbali, lakini namna ya kuitumia aliikuta kwao.

Somo hilo linauhusu sana mji wa Tunduma. Hapa hupita malori ya barabara kuu iendayo Zambia na Kongo, na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa mwaka 2019 kimerahisisha biashara. Lakini mpaka una mizigo isiyopimwa kwenye mizani. Mtoto anayesinzia darasani huenda usiku alikuwa akiuza karanga kwenye foleni ya malori. Mwalimu asiyejua hayo humwita mvivu na kumwadhibu. Ajuaye kusikiliza hupata chanzo. Tena yako mambo mazito ambayo mtoto huyo atayasema vizuri kwa Kinyamwanga au Kinyiha tu. Hapo mtaalamu mgeni, hata awe na shahada ngapi, atahitaji mkalimani.

Safari ya saikolojia, basi, imekwisha anza miongoni mwenu. Vyuo vya ualimu hufundisha saikolojia ya elimu. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wauguzi na walimu wengi wamejifunza ushauri nasaha, yaani kumwambia mtu habari nzito bila kumvunja moyo. Hiyo ni hatua ya kwanza ya taaluma.

Kinachosikitisha ni kwamba mara nyingi safari hiyo hukatizwa njiani. Mwalimu hupewa cheo cha mlezi, lakini vipindi vyake vyote hubaki pale pale. Hana chumba, humsikiliza mwanafunzi chini ya mti, wenzake wakitazama. Nani atatoa siri yake hapo? Muuguzi akiomba ruhusa ya masomo huambiwa hakuna wa kumshikia kazi. Na anayefika chuo kikuu huvutwa na mji mkubwa, asirudi tena.

Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda kuleta chakula kutoka mbali. Asiporudi, amewasaliti waliomlisha. Mfano huo haujachakaa. Lakini kijiji nacho kina wajibu: kwanza kimpe mjumbe wake chakula hicho.

Kwa hiyo wakuu wa shule wawapunguzie vipindi walimu wa malezi na kuwatengea chumba, japo kidogo. Halmashauri ziwapangie zamu za masomo walimu na wauguzi walioonyesha moyo, na ziwaandalie nafasi ya kazi watakaporejea. Nao watakaosomeshwa wakubali kurudi Tunduma, Vwawa na Ileje.

Tusingoje hali imzidi mgonjwa hata ibidi kumsafirisha zaidi ya kilomita 600 hadi Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, bado ni kijana. Wataalamu wake wa nafsi tayari wanashika chaki na kufunga vidonda humu humu mkoani. Wasaidiwe wamalize safari yao.