Bomba la Dharura Lisifichwe

Kwa miaka mingi nyumba za Uingereza zilipata maji moto kutoka kwenye tangi lililolishwa na tangi la maji baridi lililowekwa darini, na bomba lake la kupumulia liliachwa wazi ili maji yakizidi moto yapande na kumwagikia hukohuko juu. Kanuni za ujenzi za mwaka 1985 ziliruhusu nchini England na Wales tangi la aina nyingine, yaani lile lililofungwa pande zote na kupokea maji moja kwa moja kutoka bomba kuu la mtaani, ambalo humpa mwenye nyumba bafu lenye nguvu hata ghorofani, lakini humletea ndani chombo kisicho na pa kupumulia.

Hatari yake haipimwi kwa ukubwa wa tangi, bali kwa tabia ya maji yaliyobanwa. Katika shinikizo la mara nne ya lile la hewa ya kawaida, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 140 za Selsiasi, na tangi likipasuka hapo sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo. Kwa sababu hiyo sheria hudai kinga tatu: themostati, inayodhibiti joto la kila siku, kikata joto, kinachozima hita na kisichojirejesha chenyewe, na valvu ya joto na shinikizo, inayofunguka maji yafikapo kati ya nyuzi 90 na 95. Mbili za kwanza huzuia moto, ilhali ya tatu huyatoa maji nje, na valvu nzuri iliyofungiwa bomba baya huhamisha tu hatari kutoka kwenye tangi hadi kwenye ngozi ya mtu.

Bomba hilo la dharura lina vipande viwili. Cha kwanza hutoka kwenye valvu hadi kwenye faneli, ambayo ni kikombe kidogo chenye uwazi ubavuni, kinachofungwa wima karibu na tangi ili maji yapitayo yaonekane. Cha pili huanzia chini ya faneli, nacho ndicho kinachohitaji akili zaidi, kwa kuwa shinikizo lote hupotelea kwenye uwazi ule na maji huenda kwa uzito wake tu, hivi kwamba yakikuta kona mapema au bomba jembamba hurudi nyuma na kufurika. Ndiyo maana mwongozo wa serikali hutaka kipande hicho kishuke wima milimita 300 kabla ya elbo ya kwanza, kiwe na mteremko usiopungua 1 kwa 200, na kizidi kile cha kwanza kwa saizi moja au zaidi. Bomba la milimita 15 likifuatwa na la 22, safari yake haipaswi kuzidi mita 9, na kila elbo huhesabiwa kuwa mita 0.8, elbo nne basi hula mita 3.2, na zinazobaki ni mita 5.8 tu. Hesabu hii ingefaa ifanywe na msanifu kabla ya kuchagua chumba cha tangi, si na fundi bomba aliyekuta kuta zimekwisha kupigwa plasta.

Mwisho wa bomba nao lazima uwe mahali salama, mbali na gata za plastiki, na pale watoto wanapoweza kufika uzungushiwe wavu.

Hata hivyo, faneli iliyofungwa nyuma ya ubao wa kabati, kwa sababu eti inaharibu sura ya nyumba, imepoteza nusu ya kazi yake. Wapangaji wengi, wakiwemo Waswahili waishio London na Leicester, hawana habari ya kuitazama. Matone yanayoonekana pale tu maji yanapopashwa moto mara nyingi huashiria kuwa chombo cha kupokea upanuzi wa maji kimepungukiwa hewa, kwani lita 200 zikipanda kutoka nyuzi 10 hadi 60 huongezeka kwa zaidi ya lita tatu. Maji ya moto yakitiririka mfululizo, kinachozimwa ni hita. Koki ya maji baridi, ambayo mkono wenye hofu hukimbilia kuifunga, huachwa wazi, kwa sababu maji yaingiayo kupitia hapo ndiyo yanayolipoza tangi mpaka fundi mwenye cheti afike.